Kuomba Amani Wakati wa Vita

Amani ni neno jepesi kinywani na zito mabegani. Wakati wa raha kila mtu hulitaja, wala halimgharimu kitu. Lakini watu wanapouana, kuomba amani mbele ya wengine ni jambo la hatari, maana kila upande humsikiliza mwombaji na kumwuliza, "Wewe u wa nani?" Katika insha hii nataka kueleza habari za watu wa kwetu Manyatta, katika nchi ya Embu, waliojaribu kulijibu swali hilo wakiwa wamepiga magoti. Nataka pia kupima kama sala yao ilikuwa na faida, kwa kuwa wako watu wenye akili, nami ninawaheshimu, wasemao kwamba haikuwa nayo.

Manyatta i miguuni pa Mlima Kenya. Juu uko msitu. Chini ya msitu yapo mashamba ya chai, na chini ya chai mashamba ya kahawa. Wamisionari wa Uingereza walijenga kituo chao Kigari mwaka 1910, na tangu hapo kengele ya kanisa imekuwa miongoni mwa sauti za milima yetu. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari, nayo haikuondolewa mpaka Januari 1960. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa na malalamiko ya haki: ardhi iliyochukuliwa, kipande kilichobebwa kama kongwa, na nchi iliyotawaliwa pasipo kuulizwa wenyewe. Vijana waliapa, wakaingia msituni. Serikali ilijibu kwa bunduki, kwa kambi za kizuizini, na kwa kitanzi kilichowamaliza watu zaidi ya 1,000. Tangu mwaka 1954 watu waliondolewa katika miji yao iliyotawanyika, wakasongamanishwa katika vijiji vyenye uzio, na kando ya msitu lilichimbwa handaki refu kwa kazi ya kulazimishwa.

Nyanya yangu aliishi katika kimoja cha vijiji hivyo. Alinisimulia kwamba mchana walichimba, jioni walihesabiwa, na usiku hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje. Kuta za vibanda zilikuwa nyembamba, na kila mtu alihofu masikio ya jirani. Nyumba moja ilikuwa na mwana msituni. Nyumba ya pili ilikuwa na mwana aliyevaa nguo za walinzi wa serikali, walioitwa homgadi. Mara nyingine hao wawili walikuwa wana wa mama mmoja. Siku ya Jumapili wanawake hao waliketi katika benchi moja la kanisa, bega kwa bega, na hakuna aliyemtazama mwenzake machoni.

Alisema kwamba kwa majuma mengi waliomba kwa maneno ya jumla, maana maneno ya jumla hayamfungi mtu. Walisema, "Bwana, ilete amani katika nchi," wakaitika, wakaenda zao. Ndipo Jumapili moja mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa msituni, alipoomba kwa sauti Mungu amlinde mwana wa jirani yake, yule homgadi, asiuawe, na pia asiue. Kanisa zima likanyamaza. Baada ya muda mrefu jirani yule akajibu kwa sala ya namna hiyo hiyo, akamtaja mwana wa mwenzake kwa jina lake la ubatizo. Nyanya hakusema kwamba vita vilikoma siku ile, havikukoma. Alisema tu kwamba tangu siku ile wale wanawake wawili waliweza kuazimana chumvi.

Ujasiri wa namna hiyo ulikuwa na asili yake. Katika miaka ya 1930 uamsho wa Kikristo ulizuka Gahini, nchini Rwanda, ukapita Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937. Wafuasi wake walijiita ndugu, wakafundishana kuungama hadharani na kupatana kabla ya kusali. Vita vilipokuja, wengi wao walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakasema wamekwisha kufungwa na damu nyingine. Na wengi hao hao walikataa kupokea bunduki ya serikali, wakasema hawawezi kumpiga risasi mtu waliyetumwa kumhubiria. Kwa kukataa kiapo wako waliouawa. Kwa kukataa bunduki walitiliwa shaka na watawala. Walisimama katikati ya njia, na katikati ya njia ndipo magari yapitapo.

Mmoja wa viongozi wa uamsho huo alikuwa Obadiah Kariuki, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwezi Mei 1955, wakati vita vikali. Mkwewe, Koinange wa Mbiyu, alikuwa kizuizini. Jomo Kenyatta, aliyeoa binti mwingine wa mzee huyo huyo, alikuwa gerezani. Msomaji na afikiri jinsi ilivyokuwa kwa mtu kama huyo kuongoza sala ya amani. Akiwaombea watesi, aliwaombea waliowafunga jamaa zake; akiwaombea waliofungwa, aliwaombea watu walioshitakiwa kuwa adui za Kanisa. Kwake yeye sala haikuwa mahali pa kujificha.

Sasa nije kwa wale waipingao sala hii. Mjomba wa mama yangu alizuiliwa katika kambi za Mwea, ambayo siku hizo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Embu. Yeye na wenzake ndio walioanza kuchimba mifereji ya mashamba ya mpunga ambayo leo hulisha watu wengi. Aliniambia hivi: "Mwanangu, mhubiri alikuja kambini akatuombea amani. Alipokwisha akafunguliwa lango, akatoka. Sisi tukabaki." Sikuwa na jibu la kumpa, wala sidhani kwamba jibu jepesi lipo. Wakubwa wengi wa Kanisa walikaa karibu mno na utawala, na amani waliyoiomba ilifanana na utulivu wa mtumwa aliyechoka kulia. Nabii Yeremia aliwakemea makuhani wa namna hiyo zamani sana, waliotangaza amani mahali pasipokuwa nayo. Ilipita miaka mingi kabla ya haki kutajwa: tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba watu waliteswa, ikakubali kuwalipa fidia wazee 5,228. Wengi wa wenzao walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Tena sala si hirizi. Tarehe 1 Januari 2008, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret walichomewa humo, wengi wao wanawake na watoto. Machafuko yale yaliua watu zaidi ya 1,100 nchini. Asemaye kwamba kuta za kanisa huzuia moto hajaona moto.

Basi kama sala haizuii risasi, na kama yaweza kutumiwa kufunika dhuluma, yafaa nini? Nalifikiri sana juu ya swali hili mwezi Agosti 2021. Nchi ilikuwa tena chini ya kafyu, safari hii kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Usiku mmoja ndugu wawili, vijana wanafunzi, walikamatwa na polisi katika soko la Kianjokoma, hapa hapa Manyatta, kwa kuvunja amri hiyo. Siku mbili baadaye maiti zao zilipatikana katika chumba cha maiti mjini Embu. Polisi walisema vijana waliruka kutoka garini. Watu hawakuliamini neno hilo. Vijana wenzao walifunga barabara, risasi zikalia, na mtu mwingine akafa. Baadaye askari sita walishitakiwa kwa mauaji.

Katika siku zile tulikutana jioni nyumbani kwa mzee wa kanisa, kabla ya saa ya kafyu, tukasali. Miongoni mwetu alikuwako mama ambaye mwanawe ni askari katika wilaya ya mbali, asiyehusika na jambo lile. Alikuwa ameketi karibu na mlango kama mtu ajiwekaye tayari kufukuzwa. Tulianza kwa kuomba kweli ijulikane na wenye hatia wahukumiwe. Hakuna aliyeomba jambo lile lisahauliwe. Kisha mzee wetu akamwombea mwana wa mama yule, mikono yake isitiwe damu, na awe na moyo wa kukataa amri mbaya siku itakapotolewa. Mama yule alilia, nasi tukamsogeza katikati ya mkeka. Vijana wawili waliokuwamo, ambao macho yao yalikuwa bado mekundu kwa moshi wa barabarani, walimsindikiza kwake wakati wa kuachana.

Hapo nalielewa jambo ambalo nyanya alikuwa amenieleza kwa habari ya chumvi. Sala ya pamoja haichukui nafasi ya mahakama, wala haimwondolei mkosaji deni lake. Kazi yake ni nyingine: huzuia chuki isimpite mwenye hatia ikamwangukia jirani yake. Vita huanza kutuharibu tunapoacha kutaja majina ya watu na kutaja makundi tu. Na mtu akimtaja adui yake kwa jina mbele ya Mungu, huku mama wa adui yule akisikia, hawezi tena kumfanya kuwa kundi.

Ninyi mnaosoma shuleni mtaziona siku za uchaguzi na siku za hasira, na mtaalikwa katika mikutano mingi ya kuombea amani, mingine ya kweli na mingine ya kupigwa picha. Kuna njia moja ya kuipambanua. Angalieni kama dhuluma inatajwa humo bila hofu, kisha angalieni ni nani asiyetajwa. Huyo aliyeachwa nje ndiye sala ile inayemhitaji.