Nyumba Juu ya Maji: Kutoka Mchafukoge Hadi Ghuba ya Msasani

Mwenye kukaa Mchafukoge hana haja ya kusafiri ili auone ulimwengu, kwani ulimwengu humjia mwenyewe mlangoni. Mtaa wetu uko kati ya bandari na Mnazi Mmoja, na ng'ambo ya Mnazi Mmoja ndipo ilipo Kariakoo, iliyopata jina lake kwa jeshi la wachukuzi wa vita vya 1914 hadi 1918. Wazee wengi wa mitaa hii walifika kwa jahazi: wengine kutoka Hadhramaut, wengine Kachi ya Bara Hindi, wengine Ngazija, wote wakisukumwa na kaskazi au kusi, pepo zile zile zivumazo hata leo.

Jina la mtaa wenyewe lasikika kama amri ya mama kwa mtoto atokaye mchezoni: Mchafu, koge! Sikupata kulifikiri jina hilo mpaka siku nilipoingia katika nyumba ambayo maji yake hupimwa kwa kikombe.

Duka letu ni la turubai, kamba na nyuzi. Mwezi wa Desemba mmoja, kaskazi ikiwa imekwisha shika, waliingia mume na mke, Wazungu wa makamo, ngozi zao zimebabuka kwa jua. Walisema Kiswahili cha kujifunza Kilifi, chenye makosa lakini chenye adabu. Walitaka mita 8 za turubai wakashone kivuli cha kutandika juu ya sitaha. Yule mama alilikunja turubai, akalivuta, akaliangalia mshono kwa jicho la fundi. Nami, Mwenyezi Mungu anisamehe, niliwatajia shilingi 15,000 kwa mita, ilhali majirani zetu huwauzia 10,000. Walilipa bila ya maneno. Wakaomba na uzi mnene, nao haukuwapo siku ile. Nikaahidi kuwapelekea Jumapili.

Jumapili hiyo nilikwenda na mama watoto hadi Ghuba ya Msasani, mahali zitiapo nanga mashua za tanga za wageni. Ilikuwa msimu wa likizo. Vyombo vya mota vilipita vikiwachukua watu kwenda visiwa vya Mbudya na Bongoyo, muziki ukisikika kabla ya chombo kuonekana, na watoto wakipunga mikono. Hapana ubaya katika mapumziko. Mwili nao una haki yake. Lakini wale wenyeji wetu hawakuwa katika mapumziko. Wengine wote pale baharini walikuja asubuhi na watarudi jioni. Wao walikuwa nyumbani.

Na nyumba yenyewe ilikuwa na urefu wa mita kama 11, na upana usiotimia mita 4. Ndani yake mlikuwa na kitanda, jiko, meza, vitabu, na dira. Kila kitu kilikuwa na kamba yake au kishikizo chake, kwani kisichofungwa huanguka. Mume alitueleza kwamba wakiwa safarini hawalali pamoja: mmoja hukaa zamu saa tatu na mwenziwe hulala, kisha hubadilishana, usiku na mchana. Kila mmoja hulala kwa kuamini macho ya mwenziwe. Mama watoto alimwuliza yule bibi kama hawagombani. Akacheka, akasema kuwa hugombana, lakini katika chombo hapana mlango wa kutokea. Basi hupatana kabla ya zamu ya usiku, kwani huwezi kulala ukiwa umemkasirikia mshika usukani.

Maji ndiyo yaliyotushangaza zaidi. Wawili wale wakiwa safarini hutumia lita 10 kwa siku, kunywa na kupika ndani yake. Vyombo huosha kwa maji ya bahari. Mara wakati wa Alasiri ukaingia, nasi tukataka kutia udhu. Yule bibi akaanza kutujazia birika kwa maji ya tangi lao. Nikamzuia, nikateka ndoo baharini. Maana swali hili limekwisha jibiwa tangu zamani: mtu alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza kuwa wao husafiri baharini na maji kidogo, na wakiyatilia udhu watapata kiu, naye akamjulisha ya kuwa maji ya bahari ni tohara. Tena imepokewa kwamba Mtume mwenyewe alitawadha kwa mudi moja, yaani kadiri ya kibaba, na kuoga josho kwa pishi. Nani katika sisi wa mjini hutawadha kwa kibaba? Twafungua bomba na kuliacha likimwaga tukizungumza. Tuliswali sitahani, nyuso zetu zikielekea kaskazini, kwani kutoka Dar es Salaam kibla karibu ni kaskazini tupu, na sindano ya dira yao ilikuwa kama imewekwa kwa ajili yetu.

Baada ya swala tulinywa chai, nikawauliza kama hawaogopi. Wakatazamana. Kisha mume akatuambia habari ambayo, alisema, kila mwenye kuishi chomboni aijua.

Mwezi wa Oktoba 2009 mume na mke wa Kiingereza, Paul na Rachel Chandler, waliokuwa wakiishi katika mashua yao iitwayo Lynn Rival, waling'oa nanga Shelisheli. Walikuwa wakija kwetu Tanzania. Usiku wa tarehe 23, maharamia wa Kisomali wakawapanda na silaha, wakawapeleka bara ya Somalia kuwaweka rehani kwa fedha. Walikaa mikononi mwao siku 388. Katika mateso yote waliyoyapata, zito kabisa lilikuwa kutenganishwa, kila mmoja asijue hali ya mwenziwe. Hapana shaka Somalia ilikuwa imevunjika tangu serikali yake ilipoanguka 1991, na vyombo vya kigeni vilikuwa vikivua samaki wake bila ya idhini. Lakini dhulma haiwi halali kwa kuwa mdhulumu naye amedhulumiwa, na wale wawili hawakumvulia mtu samaki wake.

Waliachiliwa tarehe 14 Novemba 2010. Miongoni mwa waliojitahidi wapate kuokoka alikuwa Dahir Kadiye, Msomali aliyekuwa dereva wa teksi London, aliyefunga safari kwenda Somalia kuzungumza na wazee na watekaji. Hakuwa waziri wala balozi. Na Chandler na mkewe wakaitengeneza mashua yao, wakarejea baharini 2012.

Mwenyeji wetu alimaliza kwa kusema: "Basi ukiniuliza juu ya Waislamu, mimi huwakumbuka wale wenye bunduki, lakini humkumbuka na dereva."

Ndugu wasomaji, chai ilinishinda kunywa. Nilikuwa nimekaa katika nyumba ya wapita njia, nimeswali sitahani mwao, na mfukoni mwangu mna shilingi 40,000 zao nilizozitwaa kwa kuwa hawakuijua bei. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kutoka nje ya mji kuwalaki wenye misafara na kununua bidhaa zao kabla hawajafika sokoni wakaijua bei. Mimi sikutoka nje ya mji. Nilikaa dukani, lakini nilifanya lile lile. Yule aliyekuwa na bunduki alitwaa kingi, nami nilitwaa kidogo. Ila mlango tuliouingia ni mmoja, yaani kumwona mgeni kuwa ni riziki badala ya kumwona kuwa ni amana.

Nikazitoa zile fedha, nikaziweka mezani, nikawaeleza. Yule bibi akanitazama, akasema kwa upole: "Tulijua, Bwana. Tulijua siku ile ile, tulipopita duka la pili." Na pamoja na kujua, walitukaribisha chai, na maji yao ya kunywa walitaka kututilia udhu.

Mama watoto hakunena neno mpaka tulipofika Mnazi Mmoja. Ndipo aliponiambia, "Kwenda tezi na omo, marejeo ngamani." Nikamwelewa. Mtu hata akitembea mbele na nyuma ya chombo, mwisho hushuka pale penye mzigo wake.

Vijana wetu, bahari hii itawaleta wageni siku zote, wa jahazi, wa meli na wa mashua ndogo. Wengine watakuja kupumzika wiki moja, na wengine wamebeba nyumba yao yote juu ya maji. Msiulize kwanza wana nini. Ulizeni wamesalimika njiani. Nasi watu wa Mchafukoge tuna jina linalotukumbusha kila siku kwenda kuoga. Uchafu wa mwili huondoka kwa kibaba cha maji, hata yawe ya chumvi. Ule wa mizani na bei hauondoki ila kwa kumrudishia mtu haki yake kabla hajang'oa nanga.

Wabillahi tawfiq.