Sista, Nimekwama
Chuoni nilikuwa nimeuweka mpira wa mkojo mara tatu, zote kwa sanamu ya plastiki. Sanamu haikunji uso. Usiku ule wodini, mzee aliniuliza, "Daktari, ushawahi kufanya hii kitu?" Nikasema ndio. Uongo.

Mpira uliingia, ukagoma njiani. Mkojo, hakuna. Maji ya kujaza puto yalikuwa tayari kwa sindano. Nilijua sheria: usijaze kabla ya kuona mkojo, utapasua njia. Lakini aibu ilikuwa inanisukuma nijaze tu.

"Sista, nimekwama."

Alivaa glavu mpya, akamwambia mzee avute pumzi, akangoja misuli ilegee. Mkojo ukatiririka.

"Siku nyingine niambie ukweli mapema," mzee akasema.

Siku hizi naanza na huo.