Fidla ya Marehemu Baba

Marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Unguja na amezikwa hapa Sur. Jamaa wa hapa walimjua kama mzee mpole wa barazani. Wachache walijua kwamba alikuwa mpigaji fidla.

Ujanani alipiga na Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoasisiwa Unguja mwaka 1905. Baada ya sala ya isha alishika njia ya Malindi kwenda mazoezini, akakaa na wenzake wa udi, kanuni na nai. Alikuwa akisema kwamba fidla haina vituo vya kumwonyesha mtu pa kuweka kidole. Sikio ndilo mwalimu, na ndiyo maana inaziweza zile sauti za robo za maqam za Kiarabu.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalimtoa Unguja na sanduku moja la nguo. Fidla aliiacha kwa jirani. Alikaa Mombasa miaka kadhaa, akanunua nyingine ya mkono wa pili. Baada ya Sultani Qaboos kushika ufalme mwaka 1970, alirudi na wengi wengine katika nchi ya wazee wetu. Akachagua Sur, mji ambao majahazi yake yalikuwa yakishuka Unguja kwa kaskazi na kurejea kwa kusi.

Nyumbani tulisema Kiswahili. Shuleni Kiarabu changu kilichekwa, nami nikajifunza kuficha kila kilichotutofautisha na watu. Siku moja ya Idi, nikiwa na miaka 13, wenzangu walikuja kunitembelea. Baba, kwa furaha yake, akaitoa fidla, akapiga na kuimba kwa Kiswahili. Mmoja akacheka, wengine wakamfuata. Walipoondoka nikamwambia, "Baba, tafadhali, usipige tena nikiwapo na watu."

Hakunikaripia. Alizipangusa nyuzi kwa kitambaa, akaifunga fidla katika kasha lake. "Haya, mwanangu," akasema.

Tangu siku hiyo sikumwona tena na fidla mkononi. Nilipokuwa mtu mzima nilidhani ameichoka. Sikumuuliza, wala sikumwomba radhi.

Baada ya matanga, mama alinipa kanda moja aliyoikuta kabatini. Nilitafuta redio ya kaseti mji mzima. Ndani yake baba anapiga bashrafu, peke yake, taratibu, kama mtu anayekumbuka njia. Nilihesabu dakika 4. Kisha unasikika mlango wa nje, na sauti yangu ya ujana ikitoa salamu. Fidla inanyamaza hapo hapo. Kasha linafungwa. Baba anaitikia salamu, kisha ananiuliza kama nimekula.

Kumbe hakuichoka. Alikuwa akiningoja nitoke.

Mwezi uliopita niliwakusanya wanangu sebuleni, nikawawekea kanda ile. Mdogo wao, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza, aliuliza kwa Kiarabu mbona babu ameacha katikati. Ningeweza kusema kanda imekwisha. Nilimweleza yote, kwa Kiswahili, na pale aliposhindwa kufahamu nikamfasiria.

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza fidla yenyewe iko wapi. Tulikwenda kabatini pamoja. Nyuzi 2 zilikuwa zimekatika. Nimeagiza nyingine.