Peke Yangu Kisiwani Unguja



Kwetu mu mine, mwanamke akionekana na valizi mbele ya jua kutoka, majirani wanamwuliza swali moja tu: «Ni nani amekufa?» Kama hakuna kilio, basi wanajua ni biashara, anaenda Kasumbalesa kuangalia bei ya unga ao vikwembe. Mwezi wa 7 wa mwaka 2019 miye nilitoka na valizi yangu, na sikuwa na kilio wala biashara. Nilikuwa ninaenda kupumzika. Neno hilo dogo lilileta mashauri ya juma mbili ndani ya nyumba.

Miye ni mshonaji wa nguo hapa Likasi, na mume wangu alikufa miaka kenda mbele ya safari hii. Mtoto wangu wa mwisho alipomaliza shule, minervali ikaisha, na mwaka uleule zamu yangu ya likilimba ikafika. Wamama wenzangu waliponiuliza nitafanya nini na feza ile, niliwajibu: «Ninaenda kuona bahari.» Walicheka, wakafikiri ni mchezo.

Kaka mkubwa wa marehemu hakucheka. Alikuja jioni, akakaa kwenye kiti cha mume wangu, akasema: «Shemeki, unaenda kufanya nini kule? Hauna ndugu kule, hauna kitu cha kuuzisha. Mujane, peke yake, mu kisiwa! Batu batasema nini? Juu ya nini hauuzi mabati?» Sikumkasirikia. Mabati ya nyumba yalikuwa yametoboka kweli, na yeye ndiye aliyetusaidia siku za matanga. Lakini tangu nilipoolewa na miaka 17 sikulala hata usiku mmoja pahali ambapo hakuna mtu anayengoja nimpikie. Nilitaka siku kumi tu ambazo chungu hakiniiti. Sikuweza kumwambia hivi. Nilimwambia mabati yatakuja mwaka kesho.

Safari yenyewe si ngumu kama watu wanavyozani. Nilipita Lubumbashi na Kasumbalesa, kisha basi mpaka Kapiri Mposhi katika Zambia. Pale ndipo inaanzia reli ya TAZARA, ile ambayo Wachina walijenga pamoja na Watanzania na Wazambia tangu mwaka 1970 mpaka 1975, kilometa 1 860 mpaka Dar es Salaam. Treni niliyoipanda jina lake lilikuwa Mukuba. Nani kwetu hajui mukuba? Niliposoma jina hilo, woga ulipunguka kidogo: nilikuwa ninaondoka kwetu, na jina la shaba linanisindikiza. Ndani ya vyumba vya kulala wanawake walikuwa upande wao na wanaume upande wao. Tulikuwa wamama wane. Wale watatu walikuwa na mizigo ya biashara. Waliponiona na valizi moja nyepesi, waliniuliza kwa sauti ya chini kama nimekimbia mume.

Dar es Salaam sikukawia. Asubuhi nilipanda mashua kubwa, saa mbili juu ya maji, na tumbo langu likajuta mandazi niliyokula. Unguja ni kisiwa cha urefu wa kilometa 85 hivi, na mji wake wa zamani wanauita Mji Mkongwe. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, milango ni ya mbao iliyochongwa, na vijia ni vyembamba sana, ukinyosha mikono unagusa kuta mbili.

Hapa wacha niseme neno kwa wasichana wanaosoma ukurasa huu. Ukishuka pale bandarini peke yako, vijana watakuzunguka kila mmoja akitaka kukuongoza. Wenyeji wanawaita papasi, yaani wale wadudu wanaonyonya damu. Si wote ni wabaya, lakini sikumpa hata mmoja valizi wala paspoti. Nilisema «Asante, ninapajua», na sikupajua kabisa! Nikaingia dukani kwa mama mmoja mwenye baibui, nikamwuliza njia. Toka siku ile nilishika desturi: kuuliza wanawake. Tena nilivaa kikwembe mpaka kwenye kifundo cha mguu na kitambaa juu ya mabega, sababu wenyeji wengi sana ni Waislamu na hawapendi kuona mgeni nusu uchi mjini. Kwa mavazi hayo waliniita mama, wakaniacha nipite.

Kiswahili chetu je? Nilikwenda na kiburi, nikizani mimi ni mtu wa Kiswahili. Sokoni Darajani nikamwambia mzee mwenye karafuu: «Baba, ninataka kuuza karafuu.» Akaniangalia mikono, mikono mitupu. «Mama, mimi sinunui, mimi ninauza.» Tukabishana sawa watu wawili walio ng’ambo mbili za mto. Kumbe kule kuuza ni kule kwetu kuuzisha! Alipofahamu alicheka mpaka akafuta machozi, akaniongezea karafuu bure. Baadaye nikamweleza juu ya bibi wa kaka yangu, aliyezaa mapacha mwezi uliopita. Akashangaa: «Bibi? Ana umri gani?» Kwao bibi ni nyanya yako. Heri ningemwita mke.

Siku ya tatu nilikwenda kwenye kanisa kuu la Waanglikana. Lilijengwa pahali pa soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873, na msingi ukawekwa mwaka uleule. Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia kazi. Wanaeleza kwamba altare imesimama pale palipokuwa mti wa kupigia watumwa fimbo. Kuko vilevile msalaba wa mbao, uliotoka kwenye mti wa Chitambo ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa, katika inchi ambayo leo ni Zambia. Inje, ndani ya shimo, kuna sanamu zilizowekwa mwaka 1998: wanaume na wanawake wenye mnyororo shingoni, na mnyororo ni wa kweli.

Nilikaa pale kwa muda mrefu. M’siri wa Bunkeya alikuwa akipeleka pembe, shaba na watu upande huu wa bahari, hii tunafundishwa tangu utoto. Lakini sikuwa nimewaza kamwe juu ya wanawake ndani ya misafara ile. Miye nilikuja kwa treni, na tikiti niliilipa mwenyewe, tena ninaweza kurudi siku nitakayo. Wao walikuja kwa miguu, wakivuka mashamba ya watu wasiowajua, na hakuna aliyewauliza wanataka kwenda wapi. Mzungu mmoja alinipa kitambaa nipanguse uso. Hatukuzungumza.

Kesho yake nilipanda daladala kwenda Paje, upande wa mashariki. Kule ndiko nilikoona bahari ya kweli, na kule ndiko nilitaka kufa kwa ujinga.

Asubuhi nilitoka, nikaona maji hakuna. Bahari imekimbia mbali kabisa, imeacha mchanga mweupe na vijito vidogo. Wenyeji wanasema maji yamekupwa. Sisi katika Katanga tunaita kipwa majira yasiyo na mvua. Kule ni pahali pakavu ambapo bahari imepaacha. Neno ni moja, nami nilifurahia kuligundua, nikatembea mbele, mbele tena, nikiokota makome, na upepo wa kusi unapuliza kikwembe changu. Sikusikia kitu. Nilipogeuka, vile vijito nilivyovuka kwa kuruka vimekuwa mto, na maji yananifika magoti, kisha mapaja. Miye sijui kuogelea. Nani angeniita? Hapakuwa na mtu aliyejua kwamba nimetoka. Hiyo ndiyo hatari ya kutembea peke: si wanaume tu wala wezi, ni kwamba hakuna anayekuhesabu jioni.

Wamama waliokuwa wakikokota magunia ya mwani waliniona. Mmoja wao, mtu mzima kunipita, alirudi, akanishika mkono kwa nguvu sawa unashika mtoto sokoni, akanipitisha kwenye mchanga wa juu anaoujua yeye. Kufika ufukoni akanigombeza: «Mama wewe, hukuaga mtu? Hukuuliza maji yanarudi saa ngapi?» Halafu akanipa chai.

Nilikaa naye siku zilizobaki, asubuhi ninamfuata kazini. Wanapigilia vijiti mchangani, wanavuta kamba, na kwenye kamba wanafunga vipande vya mwani. Baada ya juma sita hivi wanavuna, wanakausha juani. Mwani unauzwa inje, unatolewa kitu cha kuimarisha dawa ya meno na ice cream. Kazi hiyo ilianza Unguja mwaka 1989, na wakulima wengi sana ni wanawake. Aliniambia mwanzoni mume wake alinuna, sababu chakula kilichelewa wakati maji yanapokupwa mchana. Mwezi aliponunua viatu na daftari za watoto kwa feza yake, mume akaanza kumsaidia kubeba magunia. Bei ni ndogo, mgongo unauma, na maji yamekuwa ya moto, aina ya mwani yenye bei nzuri inakufa. Hakunificha kitu.

Siku ya mwisho akaniuliza: «Na wewe, mwenyewe uko wapi?» Mwenyewe, yaani mume. Nikamwambia amekufa, feza ni ya cherehani yangu, nimekuja tu kuona bahari. Alinyamaza, akifunga kamba. «Mimi nimezaliwa hapa,» akasema, «sijapata kwenda popote peke yangu, ila kwa mazishi.»

Nilirudi Likasi siku ya jumamosi. Shemeki alikuja jioni uleule, akakaa kwenye kiti chake, akanusa karafuu nilizomletea, akauliza bei ya kilo. Juu ya mabati hakusema kitu. Mvua ilikuwa bado mbali. Jumapili wamama wa likilimba walikutana kwangu. Waliniuliza juu ya paspoti, juu ya treni, kama vyumba vina mlango unaofungwa, mashua ni bei gani. Mama mmoja, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, hakuuliza neno lolote. Alikuwa akiandika bei zote nyuma ya kitabu cha makato.