Ua Bado Si Tunda



Wapenzi wasomaji, vijana wetu walioko masomoni Ulaya hututumia picha za matufaha yaliyochanua baada ya baridi kwisha. Sisi wa Gisenyi hatuna majira hayo. Kwetu maua huja na mvua. Ifikapo Septemba, vumbi la kiangazi likishatulia, mparachichi wa uani (hapa wengi husema avoka) hujaa vishada vya maua madogo ya rangi ya kijani na manjano. Si maua ya kupamba meza. Lakini ukikaa chini yake asubuhi jua likishapanda, utasikia mti mzima unavuma kwa nyuki. Watoto hutandika mkeka hapo na kurudia masomo yao ya madrasa. Alhamdulillah, ni neema.

Ua la mparachichi lina ajabu yake: hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza huwa la kike, tayari kupokea chavua, kisha hujifunga. Siku ya pili hufunguka tena likiwa la kiume, likitoa chavua. Nyuki ndio wanaoibeba kutoka ua hadi ua. Subhanallah! Kwa hiyo tunawakataza watoto kuwafukuza nyuki, na tunawakumbusha kuwa iko sura katika Qur'ani iliyoitwa kwa jina lao, Surat An-Nahl.

Pamoja na kazi yote hiyo, katika maua mia moja mara nyingi halifiki hata moja kuwa tunda la kuvunwa. Mengine yote hupukutika chini.

Sasa, wachuuzi nao huyapenda maua haya. Mwaka mmoja alikuja mama mmoja anayevusha matunda kwenda Goma. Akautazama mti, akataka kununua mavuno yote palepale, fedha taslimu. Shule zilikuwa zinafunguliwa na karo ya watoto haijatimia. Tulizitamani faranga zile, tusiseme uongo.

Lakini Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda kabla hayajaonyesha kukomaa. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na sababu yake imeelezwa humo humo: Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda yasitoke, utaihalalisha kwa lipi mali ya ndugu yako uliyokwisha kuichukua? Tulimweleza mama yule kwa upole, tukampa chai, tukaahidiana kuwa matunda yakikomaa tutamwita yeye kwanza. Karo tuliilipa kidogo kidogo, na mbuzi mmoja akauzwa.

Mwezi uliofuata ilinyesha mvua ya mawe. Asubuhi ua wote ulikuwa umetapakaa vitunda vichanga. Mama yule angekuwa amelipia mti mtupu, na huo ndio mtaji wake wote wa kulea watoto wake.

Sisi watu wa Rubavu hatuhitaji kuambiwa mara mbili kwamba kesho haiko mikononi mwetu. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka na nyumba zetu zikapasuka kwa matetemeko. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na katika maafa ya mvua ile nchini walifariki watu zaidi ya 130. Mwenyezi Mungu awarehemu. Anayeuza kisichokuwapo bado humtupia mwenzake hatari hiyo yote, naye akakaa salama na fedha mfukoni.

Matunda machache yaliyosalimika yalikomaa, na mama yule aliitwa akachagua. Tunda la kwanza hatukuliuza. Imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alipoletewa tunda la mwanzo wa msimu aliomba baraka, kisha akampa mtoto mdogo kuliko wote waliokuwapo. Nasi tuliomba, kisha kitindamimba wetu akalishika kwa mikono miwili.

Wazazi wenzetu, mti ukichanua uani kwenu, kaeni chini yake na watoto. Waonyesheni nyuki, waonyesheni maua yaliyoanguka, na muwafundishe haki ya mnunuzi wangali wadogo. Ni darasa lisilo na karo. Nanyi wanafunzi, mnaojiandaa kufanya biashara, lishikeni somo hili kabla ya somo la faida.

Ya Allah, tubarikie matunda yetu na mji wetu, na utuepushe na kula mali ya watu kwa batili. Amin.

Wabillahi tawfiq.