Tuzo Si Oda

Taka si bure. Lazima mtu aiokote plastiki, mwingine aichambue na kuisafisha, halafu kuna stima ya kuiyeyusha ichanganyike na mchanga mpaka iwe kabro. Hapo ndipo chama chetu kilikwama juzi, tulipofikiria kuweka kwenye kampuni changa ya kazi hiyo pesa tulizopangia ploti.

"Nzambi Matee ashaonyesha inawezekana," akasema mwekahazina. Kweli. Kampuni yake, Gjenge Makers, inatengeneza kabro hizo hapa Nairobi, na mwaka wa 2020 UNEP ilimtuza.

"Tuzo si oda," akajibu fundi wetu. "Mteja huniuliza bei ya mita, basi."

Nikataja Danimer Scientific ya Marekani, watengenezaji wa plastiki inayooza. Waliingia soko la hisa mwishoni mwa 2020. Machi 2025 wakaenda mahakamani kwa ufilisi. Bidhaa ilifanya kazi, lakini madeni yaliyapita mauzo kwa mbali.

Kura yangu ilikuwa ndiyo, kwa sharti moja: tuonyeshwe wateja waliorudi. Mara ya kwanza mtu anaweza kununua kwa kupenda mazingira. Akirudi, amependa kabro.