Siku ya mvua huku Kadutu



Jumanne iliyopita mvua ilianza kabla ya jogoo kuwika, na saa sita za mchana ilikuwa bado inapiga mabati. Nani anaishi Bukavu bila kuijua mvua hiyo? Toka Septemba mpaka Mei inaingia na kutoka kama mtu wa nyumbani. Kule Muhumba na Nguba, kwenye nyumba za matofali kando ya ziwa, pengine mtu anaisikiliza tu akiwa kitandani. Huku kwetu, nyumba za mbao zimeshikana bega kwa bega kwenye mteremko, mvua ni kazi. Maji ya jirani wa juu yanapita mlangoni kwako, ya kwako yanateremka kwa jirani wa chini, na ugomvi wa mifereji hauishi.

Sisi ni wamama watatu wa parseli moja. Tulianza na bidoni. Robine ya mtaa ilikuwa kavu tangu Jumapili, kwa hiyo tulipanga mabeseni, masufuria, hata chungu cha bibi, chini ya ukingo wa bati. Kufikia saa mbili tulikuwa na bidoni saba. Mwingine alishika jembe akazibua mfereji nyuma ya choo, maana mwaka jana udongo uliporomoka pale ukachukua ukuta wa jikoni.

Kilichotuumiza ni sambaza. Tulikuwa tumenunua ndoo nzima Jumatatu asubuhi ili tuanike. Samaki hao wadogo, wanaosemwa kuwa ni chakula cha kwetu tangu zamani, waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959 tu. Wamekuwa watoto wa nyumbani kweli, lakini bila jua hawakungojei. Tulikaanga nusu, nyingine tukatia chumvi, na hesabu ya likelemba ya wiki hii ikaharibika.

Kwenda sokoni haikuwezekana. Ngazi za udongo zilikuwa kama sabuni, na makala ya siku ya mvua yana bei yake, tena yanatoa moshi tu. Tulikuwa na mafungu mawili ya sombe, basi tukaanza kutwanga. Sombe na mvua vinapatana: vyote viwili vinataka mtu asiwe na haraka.

Binti yetu wa sekondari hakwenda shule. Alikuwa na kitabu cha kusoma kwa ajili ya somo la Kifaransa, «Une si longue lettre», cha Mariama Bâ, mwalimu wa Senegal. Kilitoka mwaka 1979. Tulimwambia asome kwa sauti, halafu atutilie kwa Kiswahili. Alinung'unika kidogo, kama watoto wanavyofanya, halafu akaanza.

Ni barua ya mjane, Ramatoulaye, kwa rafiki yake wa utotoni. Mume amekufa ghafla. Wamezaa watoto kumi na wawili. Tena mume huyo alikuwa ameoa msichana rafiki ya binti yao, na habari hiyo mke aliletewa nyumbani na wageni, arusi ikiwa imekwisha. Hapo mchi ulisimama. Mmoja wetu alisema, «Senegal hiyo iko karibu kuliko nilivyofikiri.»

Karibu saa nane jirani wa juu aligonga. Nyumba yake inavuja, akaomba apumzike kwetu mpaka mvua ipungue. Alifiwa na mume miezi mitatu iliyopita. Alikaa karibu na mbabula, na kutoka ndani ya kikwembe chake akatoa sashe ya plastiki iliyofungwa mara tatu. Ni karatasi za kiwanja. Hathubutu kuziacha nyumbani, kwa sababu ya maji, na kwa sababu ya shemeji yake, anayekuja Jumamosi kuzungumza «mambo ya familia».

Hatukumwambia kitabu kinahusu nini. Binti aliendelea tu, akafika mahali ambapo siku arobaini za matanga zimekwisha na kaka wa marehemu anakuja kumtangazia mjane kwamba atamwoa. Hamuulizi, anamtangazia. Na yule mama, aliyenyamaza miaka mingi, anamjibu mbele ya imamu mwenyewe na kumkatalia kabisa.

Jirani aliomba pasomwe tena. Baada ya mara ya pili alisema polepole: «Yeye alikuwa mwalimu. Ana mshahara wake. Mimi nauza ndizi.»

Hatukuwa na jibu la haraka. Kitabu hakilipi karo ya watoto. Lakini tulimuuliza kama ndoa yao iliandikwa kwa komini. Iliandikwa, cheti kimo ndani ya sashe ile ile. Basi tukamweleza tulilofundishwa kwenye mkutano wetu: Sheria ya Familia ya Kongo, ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inamweka mke aliyebaki kati ya warithi, na inampa haki ya kukaa ndani ya nyumba aliyoishi na mumewe na kutumia vyombo vyake. Watoto wanarithi pia. Shemeji hawezi kuja na kufuli yake.

«Na kama anapiga kelele?»

«Tutakuwa tumekaa pale, mama.»

Mvua ilipungua karibu saa kumi na moja. Ziwa lilionekana tena, jeusi, na mitumbwi ya sambaza, ile inayofungwa mitatu mitatu, ilikuwa inatoka na taa zake. Sombe ilikuwa imeiva, tukaitia mawese, tukampakulia jirani sahani ya watoto wake. Kabla ya kutoka alimwomba binti amwandikie ukurasa ule kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa. Binti alikata karatasi mbili za kaye, akaandika. Jirani alizikunja, akazitia katika sashe pamoja na karatasi za kiwanja, akaifunga mara tatu.

Jumamosi tunapanda kwake saa tatu za asubuhi. Mama aliye karibu na mwenye nafasi, atukute kwenye robine.